Niliandika watu 31, mke wangu hakuwemo

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanaume wa miaka 43, nina mke na watoto wawili, na tangu ujana wangu nimekuwa mtu wa watu. Sijisifu, ndivyo wanavyoniita. Kazini mtu akihama, mimi ndiye nazungusha kadi isainiwe. Tuliosoma pamoja tukitaka kukutana, mimi ndiye natafuta ukumbi na kuwasumbua wanaochelewa kuthibitisha. Simu yangu ilikuwa na majina 1,140 na makundi 26 ya kuchati, na mpaka mwezi uliopita ningekuambia kifua mbele kwamba sijawahi kukosa mtu wa kumpigia.

Mwezi uliopita, saa nne usiku, nilikuwa kituoni nasubiri gari. Vibaka wawili wakanipitia, mmoja akapokonya simu mkononi, wa pili akavuta begi begani. Pochi ilikuwa ndani ya begi. Sikuumia, nashukuru, lakini nilibaki na funguo za nyumba na kalamu. Mlinzi wa jengo la jirani alinionea huruma, akanipa simu yake, kitochi kilichofungwa kwa raba, akasema, "Mpigie mtu wako."

Mama, nilikishika kile kitochi nikakitazama. Namba ya mke wangu siijui. Tumeoana miaka 14 na namba yake siijui, maana huwa nabonyeza picha yake. Za wafanyakazi wenzangu sijui hata moja. Nikajikuta vidole vinabonyeza vyenyewe namba ya mtu ambaye sikuwa nimempigia kwa karibu miaka miwili. Nimekua naye. Namba ile niliishika kichwani enzi za kuazima simu, naye hajaibadilisha mpaka leo.

Aliitika kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulala. Nikajitaja. Hakusema "za siku nyingi", hakuuliza imekuwaje leo nimemkumbuka. Aliuliza, "Uko wapi?" Baada ya dakika arobaini alikuwa pale, kavaa koti juu ya nguo za kulalia.

Njia nzima niliongea mimi. Nikamweleza kibaka alivyotokea kwa nyuma, kazi zilizokuwa kwenye kompyuta, majina yangu yote yaliyopotea. Yeye anaitikia tu, "Pole. Pole sana." Tulipokaribia kwangu ndipo nikakumbuka adabu, nikamuuliza, "Mzee hajambo?" Akawasha indiketa, akakata kona, akanyoosha usukani, halafu akasema, "Mzee tulimzika mwezi wa pili."

Ulikuwa mwezi wa kumi. Mzee yule ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Alikuwa anakimbia nyuma yangu ameshika kiti, akaniachia bila kuniambia.

Habari zilikuwa zimetolewa kwenye kundi la sisi tuliokulia pamoja. Kundi hilo nililizima sauti kwa sababu ya salamu za asubuhi zisizoisha. Niliporudisha laini na makundi yakarudi, nilipekua nikalikuta tangazo. Chini yake kuna pole 71, nyingine za watu ambao mzee huyo hata asingewatambua. Yangu haimo.

Rafiki yangu hakunilaumu. Alisema tu, "Najua una mambo mengi," akanishusha, akageuza gari.

Nilipomsimulia mke wangu, aliniuliza, "Kwani watu wako hasa ni akina nani?" Sikuwa na jibu la haraka. Jumamosi nikachukua daftari nikaandika majina ya watu ambao naona kwa kweli ndio maisha yangu. Wakafika 31. Nikampa asome. Alipitisha kidole taratibu mpaka chini, akageuza karatasi akaangalia nyuma, akanirudishia. "Mimi nimeandikwa ukurasa gani?"

Nilimwambia yeye na watoto hawana haja ya kuandikwa, wao ni nyumba. Hakunijibu. Hatukugombana, si mtu wa ugomvi, ila tangu siku hiyo majibu yake ni mafupi. Labda kuna na lingine pia: wiki hiyo hiyo alikuwa amefaulu mtihani wa taaluma yake aliousomea miaka miwili, na mimi sikumpongeza vizuri. Nilimtumia dole gumba kwenye simu mpya, kumbe alikuwa chumba cha pili. Lakini hilo dogo.

Ninachotaka kujua ni haya. Nitawajuaje wale wachache ambao ndio wangu? Hawa wengine niwapunguze vipi bila kuambiwa naringa? Na kwa rafiki yangu naanzia wapi? Kila nikishika simu kumpigia naona haya. Miezi minane, Mama.

Mtu wa Watu

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale mke wako alipogeuza karatasi. Mara ya pili sikucheka.

Umeniuliza maswali matatu, lakini mimi nitaanza na lile ulilosema ni dogo. Dole gumba. Mtu amesoma miaka miwili. Nina hakika kuna usiku ulilala ukamwacha na vitabu, na kuna asubuhi aliamka kabla yako akavifungua tena. Siku majibu yametoka, mtu anayeishi naye anampa kidole cha gumba kilichochorwa, kupitia ukuta. Halafu unashangaa majibu mafupi. Mwanangu, jibu fupi kuliko yote mwezi huu ulilitoa wewe.

Sisi Waswahili tumelelewa na methali kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ni kweli, na rafiki yako aliyekufuata na nguo za kulalia ni ushahidi. Ila methali hiyo imetuharibu kidogo, kwa sababu imetufundisha kumpima mtu kwa msiba na hospitali peke yake. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Shelly Gable, ambaye pamoja na wenzake alichapisha tafiti mwaka 2004 na 2006 wakiuliza swali la upande wa pili: mtu akija na habari njema, mwenzake anaipokeaje? Walikuta mapokezi ya namna nne. Yupo anayechangamka na kuuliza ilikuwaje. Yupo anayesema "vizuri" kisha kimya. Yupo anayetafuta kasoro, "sasa si watakuongezea kazi?" Na yupo anayebadilisha mazungumzo. Uhusiano wenye afya uliambatana na yule wa kwanza tu. Huyo wa "vizuri" kisha kimya, ambaye sisi tungemwona hana neno, hakuwa na faida yoyote. Tena kwa wachumba waliowarekodi wakizungumza, namna walivyopokeana kwenye mema ilionyesha hali ya uhusiano wao kuliko namna walivyopokeana kwenye mabaya.

Dole gumba ni huyo wa pili, na kwa kuwa mlikuwa nyumba moja, mimi ningelihesabu nusu yake ni wa nne.

Kwa hiyo usiende kumwandika jina lake juu kabisa ya daftari. Ataliona ni rushwa. Nenda ukakae naye umuulize habari za mtihani ule kana kwamba majibu yametoka leo. Karatasi ipi ilikuwa ngumu? Kuna swali alilobahatisha? Majibu alipoyaona alikuwa wapi, na mtu wa kwanza kumwambia alikuwa nani? Hili la mwisho huenda likakuuma. Liulize hivyo hivyo, na likikuuma usijitetee.

Halafu lile neno lako kwamba wao ni nyumba. Ulilitamka kama sifa, lakini yeye alisikia kitu kingine. Nyumba huwa hatuifikirii. Tunatoka tunaiacha, tunarudi tunaikuta, siku tunayoiwaza ni siku bomba limepasuka. Mlinzi alipokuambia umpigie mtu wako, mtu wako alikuwa amekaa kwako anashangaa kwa nini hujafika, na wewe huna namba yake. Jifunze namba hiyo wiki hii. Iandike kwa mkono mara kumi kama adhabu ya darasani, na mfundishe na mtoto mkubwa.

Sasa hao 31.

Mtaalamu wa Uingereza aitwaye Robin Dunbar ameandika sana juu ya hesabu hizi. Miaka ya 1990, akianzia kwenye ukubwa wa ubongo wa nyani na jamaa zao, alikadiria kwamba binadamu mmoja anamudu uhusiano na watu wapatao 150. Baadaye yeye na wenzake wakaeleza kwamba hao 150 wamekaa kwa duara: ndani kabisa wapo kama 5, ukitoka kidogo wanakuwa 15, kisha 50. Si wote wanaokubaliana naye. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stockholm walirudia hesabu hizo wakasema kiwango cha 150 hakina msingi wa kukishika kama sheria. Kwa hiyo usianze kukata majina mpaka yabaki matano, ukamfukuza wa sita kwa kuwa kiti kimejaa. Lakini jambo moja kwa Dunbar mimi naliona kwa macho yangu kila siku, nalo ni muda. Anasema karibu asilimia 40 ya muda tunaoutumia kwa watu huenda kwa wale watano wa ndani. Sikuulizi watano wako ni nani. Nakuuliza juzi na jana asilimia 40 yako ilikwenda wapi. Nahofia ilikwenda kutafuta ukumbi.

Na kuna kipimo kingine hujakifanya. Orodha yako umeiandika ukiwa umekaa upande mmoja. Mwaka 2016 watafiti wa Tel Aviv na wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha utafiti uliohusu, miongoni mwa wengine, wanafunzi 84 waliokuwa wanasoma somo moja. Kila mmoja aliambiwa aseme nani ni rafiki yake, na akisie huyo naye atasema nini juu yake. Urafiki waliotarajia kuwa wa pande zote ulifika asilimia 94. Uliokuwa hivyo kweli ulikuwa asilimia 53. Karibu nusu ya marafiki hawakuwa na habari kwamba ni marafiki, au hawakuhesabu hivyo. Sasa chukua 31 wako, jina kwa jina, ujiulize: huyu naye angekaa Jumamosi na daftari, angeniandika? Usiwapigie kuwauliza, tafadhali. Wewe nakujua, ungeanzisha kundi la 27.

Umeniuliza utawajuaje wachache wako. Ungekuwa kijana wa miaka 20 ningekupa maelezo marefu. Mtu wa miaka 43 anawajua tayari, ila anaona aibu kwa jinsi anavyowatendea, ndiyo maana anaomba kipimo. Hata hivyo, mimi hutazama kimya. Nikinyamaza wiki mbili, nani ataona? Si nani atanitumia salamu ya kusambazwa, bali nani atasema moyoni mwake, huyu kanyamaza, kuna nini. Na nani akinyamaza nami huwa naona? Kwako swali hili la pili ndilo limekukamata. Rafiki yako alinyamaza miezi minane.

Nisikuonee, yalinikuta na mimi. Binamu yangu, ambaye tulilala kitanda kimoja utoto wote, alilazwa akafanyiwa upasuaji, akapona, akarudi kazini, ndipo nikasikia. Nilimwendea kwa hasira. Kwa nini hukuniambia? Akanijibu bila hata kuacha alichokuwa anafanya, "Nilikuona una watu." Sikupata la kusema mpaka leo. Huwa tunadhani wa karibu wanaondoka kwa ugomvi. Mara nyingi hawaondoki popote. Wanapunguza tu wanachotuomba, kidogo kidogo, kwa adabu, mpaka siku moja wanazika baba bila kutupigia.

Ndiyo maana lile la "najua una mambo mengi" usilipokee kama msamaha. Huenda ni msamaha, anaonekana mtu mwema. Lakini pia ni neno la mtu aliyekwisha kukuruhusu usiwepo.

Nisisahau hili, maana nakuona unaelekea huko: usianze kuzitukuza namba za kichwani. Vidole vyako vilikumbuka namba ile kwa sababu ya enzi mliyokulia, si kwa sababu roho yako ilikuwa inakuonyesha njia. Kama ungekuwa umekariri namba ya benki, ungeipigia benki. Kilicho na uzito ni kwamba upande wa pili mtu aliamka, akauliza uko wapi, akaja.

Kuhusu wengi, nitakuwa mfupi. Usiwatupe. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha makala iliyosomwa sana kuhusu watu tunaofahamiana nao juu juu. Aliwauliza watu waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu: huyo aliyekuambia mlikuwa mnaonana mara ngapi? Zaidi ya nusu walisema mara moja moja, na zaidi ya robo walisema kwa nadra sana. Waliosema mara kwa mara walikuwa wachache. Sababu iko wazi ukiifikiria: wa karibu yako wanajua unayoyajua, wa mbali ndiye anayetoka na habari ngeni. Kwa hiyo majina yako 1,140 yana kazi yake, na kusalimiana vizuri na watu wengi ni tabia njema, ulilelewa vizuri.

Unachotakiwa kupunguza ni vyeo. Kadi za kuaga azungushe mwingine. Ukumbi atafute mwingine, na ukiwa mbaya mtakaa hivyo hivyo. Usitoe tangazo kwamba umeamua kujipa nafasi na familia, maana matangazo ya namna hiyo ndiyo yanayomfanya mtu aonekane anaringa. Ukiombwa, sema "safari hii sitaweza," ukaishie hapo. Mtu wa watu akiulizwa kwa nini huwa anaeleza dakika kumi, na katika kueleza anajikuta amekubali. Wapo watakaosema umebadilika. Waache waseme, watapata mwingine wa kutafuta ukumbi kabla ya mwezi kwisha, na hapo utajua na wewe nafasi yako ilikuwa ipi kwao.

Makundi 26 siyawezi mimi. Ila ona hili: kati ya yote, ulilolizima sauti ni la watu uliokua nao, kwa kosa la kusema habari za asubuhi. Yale ya kazi na mipango yaliendelea kulia. Washa sauti yake. Salamu zile zinachosha, nakubali, lakini wanaozituma ndio waliokuwa na habari za mzee.

Sasa rafiki yako.

Unaona haya kwa sababu imepita miezi minane, na kila siku unayongoja unaiongezea siku. Mwaka 2022 mtafiti Peggy Liu na wenzake walichapisha majaribio 13 yaliyohusisha watu zaidi ya 5,900, wakiangalia mtu anapomtafuta mwenzake, kwa ujumbe au kwa zawadi ndogo, bila sababu ya pekee. Kila mara anayetafuta alidhani mwenzake atafurahi kidogo, na mwenzake alifurahi zaidi ya hapo. Na kadiri mtu alivyokuwa hakutarajia kutafutwa, ndivyo alivyolithamini zaidi. Nimekuwekea hilo ili ushike simu. Lakini yale yalikuwa mambo ya kujuliana hali. Wewe una deni la msiba, na deni la msiba halilipwi kwa "mambo vipi, za siku". Usimpige porojo kwanza ukidhani utafika huko polepole. Hutafika, nakujua sasa. Utaanza na kibaka.

Mpigie, umwambie unataka kwenda kumwona kwa ajili ya mzee. Tumia maneno hayo hayo, kwa ajili ya mzee, ili ajue unakuja kufanya nini na asihangaike kukuchangamkia. Kama yuko mahali ambapo unaweza kufika kwa miguu yako, usimalizie kwenye simu. Alikuja kwako usiku bila kuuliza sababu.

Ukifika, toa pole kwanza, kabla ya kujieleza. Baada ya hapo sema kosa lako kwa sentensi moja: nilikuwa sijui, na nilipaswa kujua. Kundi lililozimwa sauti usilitaje. Ni kweli, na ni sababu, lakini kwenye masikio ya mfiwa ni kama kumwambia kifo cha baba yake kilikupita katikati ya matangazo. Akitaka kujua, atauliza.

Hatari kubwa iko hapa, kwa hiyo nisikilize. Usiumie kupita yeye. Nimewaona watu wa aina yako, wenye mioyo laini, wanakwenda kuomba radhi wanalia mpaka mfiwa ndiye anawabembeleza, anawapa kitambaa, anasema basi, yamekwisha. Wakitoka wanajisikia wepesi, na aliyebaki ana mzigo wake na wa mgeni. Ukiona machozi yako yanataka kwenda mbele ya yake, uliza swali. Mzee aliugua au ilikuwa ghafla? Siku za mwisho alikuwa anasema nini? Nani alikuwa naye? Wakati wa mazishi nyumba inajaa na kila mtu anauliza mambo hayo, mfiwa anajibu kwa uchovu, maneno yale yale, mara hamsini. Mwezi wa kumi hakuna anayeuliza tena. Uchelewaji wako hausameheki kwa hilo, lakini utamkuta ana nafasi ya kujibu ambayo mwezi wa pili hakuwa nayo.

Halafu mpe kitu ambacho wale 71 hawana. Mwambie habari za baiskeli. Mzee alivyokuwa anakimbia nyuma, ameshika kiti, alivyokuachia bila kukuambia, ulifika wapi kabla ya kugeuka na kuona huna mtu, ulianguka au hukuanguka. Hukunimalizia. Huenda mwanawe hajawahi kuisikia, au alikuwa amesimama pembeni anaiona na ataikumbuka kwa namna nyingine, mtabishana. Mfiwa akipata habari ya baba yake ambayo hakuwa nayo, anakuwa amepata mzee kidogo zaidi.

Akikasirika, mwache akasirike. Pengine usiku ule alikuwa amejizuia kwa sababu umeibiwa. Akikwambia ulikuwa wapi, jibu ni "sikuwepo". Usiongeze.

Safari ya pili usingoje akualike, na usiipangie miezi mitatu. Nenda wiki inayofuata bila jambo lolote, ukae, mnyamaze mkitaka. Mke wako umwombe muende naye hiyo ya pili. Ya kwanza nenda peke yako, na simu iache nyumbani. Ukikwama njiani, azima. Namba za kupiga sasa utakuwa nazo mbili.